Karai la Mchanga Chumbani kwa Limi

Jumamosi, tarehe 14 Septemba 2024, saa kumi na robo alasiri. Jua lilikuwa kali, na upepo mkavu ulirusha vumbi la mtaa wa Kambarage hadi madirishani. Gregory, msimamizi wa mwalo wa kuoshea dhahabu huko Mwakitolyo, alikuwa amechuchumaa uani kwake, akiosha mchanga aliouvumbua ndani ya karai chini ya kitanda.

"Unafanya nini, Baba Eliya?" mkewe Limi aliuliza, akiingia na chupa ya dawa mkononi.

"Naosha mchanga wako. Ni mwizi gani wa mwaloni kwangu unayemfichia mzigo chini ya kitanda ninacholalia?"

Limi alilitazama karai.

"Umeuosha wote?"

"Wote. Haukutoa hata punje ya dhahabu. Bwana wako amekudanganya."

"Ule ni mchanga wa paka."

Gregory alicheka kwa dharau. "Paka ana uwanja mzima huko nje."

"Mkojo wa paka wetu Duma uliziba wiki hii. Daktari wa mifugo alimzibua kwa mpira wa mkojo, akaagiza afungiwe ndani, anywe maji, asiguse dagaa, nami niutazame mchanga. Ukiloa, amekojoa. Ukibaki mkavu, nimkimbize kwake kabla hajafa. Nilikupigia simu, ukasema una kazi. Sasa niambie wewe mwoshaji: ulikuwa umeloa au mkavu?"

Gregory hakujua. Yeye, aliyewafukuza vijana kazini kwa kumwagia mzigo maji kabla haujakaguliwa, alikuwa ameumwagia mchanga huu maji kwanza.

Simu ya Gregory, iliyokuwa chini kando yake, ikalia. Limi aliiokota, akausoma kwa sauti ujumbe wa Ngassa, kaka yake Limi:

"Shemeji, nimekuelewa. Kama kweli dada anaficha mwanamume na mali ya wizi, mlete nyumbani tumsikie."

"Umeshanishtaki kwetu," alisema.

"Niliandika nilichokiona."

"Hukuona kitu. Ulikisia."

Limi alijaza mchanga mkavu, akalirudisha karai chumbani, Gregory akimfuata.

"Kaa hapo umtazame Duma. Asipokojoa kabla ya magharibi, utambeba wewe mwenyewe hadi kwa daktari, na kila atakayekuuliza njiani utamweleza."

Gregory alikaa sakafuni. Paka, mwenye kola ya plastiki shingoni, alimkodolea macho kama mdai. Mwanga ulikuwa umeanza kupungua dirishani Duma alipojikongoja hadi karaini, akachuchumaa, akajikaza. Gregory aliinama kuutazama mchanga. Mchanga ukaloa.

"Mama Eliya. Amekojoa."

"Vyema. Lipo deni lako kwa kaka yangu."

Gregory alipiga simu, akaiweka kwenye kipaza sauti bila kuambiwa.

"Ngassa, nilimsingizia dada yako. Hakuna mwanamume, hakuna mali ya wizi. Ulikuwa mchanga wa paka mgonjwa. Nimekosa."

"Subiri, shemeji. Uliuosha?"

"Niliuosha."

"Kwa mikono yako?"

"Kwa mikono yangu."

Kicheko cha Ngassa kilijaza chumba. Limi hakucheka. Aliikata simu, akatupa shuka sakafuni kando ya karai.

"Hilo umelipa. Lile la kukupigia simu paka akiwa anakufa ukaniambia una kazi, malipo yake siyapokei leo. Utalala humu, naye."