Barabara Iliyopinda Kitabuni

Mwaka wa themanini, Jiddah ilikuwa mji wa winchi. Ukiinua macho, unaona shingo ya chuma inapandisha mji mwingine juu ya ule unaoujua. Vuai siku ile hakuinua macho. Alikuwa ameinamia rundo la vitabu vikuukuu soko la Bab Sharif, suruali yake pana inafagia vumbi, kola ya shati imetanuka kama masikio ya ndovu. Mkononi alikuwa na kitabu cha jalada la kijani: juzuu ya pili ya riwaya ya Kituruki iliyofasiriwa kwa Kiarabu.

"Ya kwanza iko wapi?" alimuuliza muuzaji.

Muuzaji akaonyesha kwa kidevu. Ya kwanza ilikuwa mikononi mwa msichana wa buibui jeusi, kanga ya manjano ikichungulia chini kana kwamba nayo imekuja sokoni kutazama watu.

"Nami nataka ya pili," msichana akasema kwa Kiarabu.

"Halas," muuzaji akajibu. "Mafi, hakuna. Ni hizo mbili tu."

Vuai akanung'unika kwa Kiswahili, akidhani yuko peke yake na lugha yake: "Mtihani gani huu! Yeye kashika kichwa, mimi miguu."

"Na miguu yenyewe imevaa viatu vya ghorofa," msichana akajibu, Kiunguja kitupu.

Vuai nusura aangushe kitabu. Nyuma ya msichana akachomoza bibi yake, Bi Mwanakhamis, mfupi mwenye miwani minene.

"Khe! Mtoto wa nyumbani huyu. Wa nani wewe?"

"Shikamoo, bibi. Vuai, wa Mbarouk fundi saa. Wazee wangu wako hapa hapa Jiddah. Mimi kazi yangu Riyadh, mtaa wa Murabba, nachora ramani za majumba."

"Marahaba. Basi mwachie mjukuu wangu Saleha kitabu."

"Bibi, lolote utakalo, lakini hiki nami nakitaka."

Bi Mwanakhamis aliwapima wote wawili, akahukumu. Mjukuu wake humsomea kila Ijumaa baada ya alasiri, Kiarabu anakigeuza Kiswahili hapo hapo. Nyumbani wameingiziwa simu. Saleha asome ya kwanza, Vuai asikilize huko Riyadh. Ikiisha, Vuai awasomee ya pili. "Na mimi n'takuwa nimekaa pale pale kwenye simu," akaongeza. "Msije mkaniona mjinga."

Basi Ijumaa zikawa Ijumaa. Riwaya ilikuwa ya mtaa mmoja wa Istanbul, enzi wanaume wanavua tarbushi na kuvaa kofia za Kizungu. Tramu imefika mlangoni, na nyumba za mbao zinabomolewa moja moja ili ipite barabara pana. Ajuza Bi Hajer anagoma kuhama. Mjukuu wake Nermin anapendwa na Fikret, mhandisi wa barabara yenyewe. Bi Mwanakhamis alisikiliza kama anayesomewa barua yake mwenyewe, maana nyumba aliyopanga tangu walipofika mwaka wa sitini na nne, ya mawe ya matumbawe na roshani za mbao, nayo ilikuwa njiani mwa barabara mpya. Mwenye nyumba alikuwa amewatafutia fleti Bani Malik. Ufunguo uchukuliwe kabla Shaabani haijaisha. Ikiisha, anapewa mwingine.

Juzuu ya pili ilipoanza, Vuai akawa ndiye msomaji, Saleha na bibi wakipokezana mkono wa simu, na Fikret akawa na maneno mengi.

"Fikret akamwambia Nermin: sauti yako nikiisikia, hata mstari nilionyoosha kwa rula unakwenda tenge."

"Hayo yameandikwa?" Saleha akauliza.

"Ukurasa wa kumi na tisa."

"Mbona Fikret anazungumza kama mtu wa Murabba?"

"Anasema nini?" Bi Mwanakhamis akadakia.

"Anasema Istanbul kuna vumbi, bibi," Saleha akamjibu.

Lakini ukurasa wa sitini na mbili Vuai alikwama. Pale Bi Hajer alihamishwa, na miezi mitatu baadaye akafa. Vuai alisikia upande wa pili kikombe cha kahawa kikiwekwa, bibi akisema, "Haya, kumekuwaje?" Ulimi ukamponyoka. Akasema Bi Hajer alikaa kizingitini akafunga mtandio wake kwenye komeo, wahandisi wakamwonea haya, na barabara ikapinda ikaipisha nyumba yake.

Vigelegele vya Bi Mwanakhamis vilisafiri kwa waya hadi Riyadh. Vuai akacheka, akajiona mtu mwema sana.

Ijumaa iliyofuata Saleha alipiga mapema, sauti chini. "Vuai, bibi hataki kufunga mizigo. Kila nikileta kasha ananambia: Bi Hajer alihama? Basi na hii yetu itapinda."

Hapo ndipo pa kusema kweli. Vuai akasema, "Mwache kidogo, roho yangu. Atachoka mwenyewe."

Siku nne baadaye simu ya ofisini ililia.

"Ukurasa wa sitini na mbili," Saleha akasema, hata salamu hakuna. "Muuzaji kapata nakala nyingine. Nisomee."

"Saleha, mpenzi..."

"Nisomee, au nikusomee mimi?"

Vuai akakiri: "Bi Hajer anakufa."

"Na barabara?"

"Haikupinda."

"Bibi yangu amekaa juu ya makasha matupu anangoja ipinde! Zimebaki siku tano, Vuai. Tukikosa fleti twende wapi? Ulikuwa ukitucheka?"

"Wallahi sikucheka. Nilishindwa kumuua Bi Hajer na bibi anasikiliza."

"Basi ungenambia mimi!"

Simu ikakatwa. Alipiga mara tano. Ikalia kama mtoto asiye na mtu. Jioni ile alimwomba bosi ruhusa, na Alhamisi ndege ya asubuhi ikamshusha Jiddah, kitabu kwapani, viatu vya ghorofa ameviacha.

Saleha alifungua mlango kidogo tu, macho mekundu. "Umekuja kufanya nini?"

"Kusoma."

Alisoma mbele ya Bi Mwanakhamis, pale kwenye roshani, bila kutia chumvi hata chembe. Bi Hajer alipewa fleti ghorofa ya nne. Kiti chake kiliwekwa dirishani, na dirisha likatazama ukuta. Alfajiri ukuta, adhuhuri ukuta. Hakuna apitaye akamsalimia. Baridi ilipoingia, akafa.

Kahawa ilipoa. Bi Mwanakhamis alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena.

"Huyo mhandisi wao," akasema, "kabla ya kumhamisha ajuza, hakwenda kutazama dirisha?"

"Haikuandikwa, bibi."

"Hakwenda. Na wewe si ndiyo kazi yako? Inuka twende. Uongo wako n'taukasirikia tukirudi."

Walikwenda Bani Malik kwa teksi, Vuai mbele na dereva, Saleha na bibi nyuma. Bawabu akawafungulia; fleti ilinuka rangi mbichi. Walifungua dirisha la chumba cha kulala: ukuta wa jirani, karibu uukwangue kwa kijiko. Saleha akageuza uso. Vuai alipita chumba baada ya chumba, akapima kwa hatua, akagonga kuta kwa kifundo cha kidole, mpaka akafika jikoni na kusukuma dirisha.

Mtaa mzima ukaingia: mkate wa moto, honi, wanawake wa Kihabeshi wakigombana na dereva wa teksi, kinyozi amekaa nje ya duka lake. Bi Mwanakhamis akatoa kichwa. "Salaam aleikum!" Kinyozi akainua mkasi, akaitikia.

Vuai alikuwa ameshakaa sakafuni na penseli.

"Jiko tunalihamishia kule ukutani. Sufuria hazina haja ya kutazama watu. Bibi analala hapa. Zile mbao za roshani watazitupa. N'taziomba, nizikate zikae dirishani hapa."

"Na maji?" Saleha akauliza, bado kanuna.

"Bomba linapita nyuma ya ukuta ule ule. Nimegonga nimelisikia."

Saleha akachutama kutazama. "Na hiki chumba kidogo ulichoandika 'mgeni'?"

"Yuko mmoja anakaa Riyadh." Sikio la Vuai lilikuwa limewiva kwa haya. "Angekuja kila Alhamisi. Lakini kwanza angemleta babake na posa. Juzuu ya kwanza kabla ya ya pili."

"Haya nayo umeyatunga?"

"Sikutunga. Naogopa tu."

Saleha akamnyang'anya penseli, akalikata lile neno, akaandika jingine juu yake, akalifunika kwa kiganja.

"Mnaandika nini huko?" Bi Mwanakhamis akauliza kutoka dirishani. "Nisomeeni!"

Taratibu Saleha akaondoa kiganja. Vuai akakohoa, akainua karatasi, na safari hii akasoma kama ilivyoandikwa:

"Mwenyeji."