Kikombe cha Pili

Maiti ya Libère ilikuwa bado kwenye nyasi za uwanja wa mikutano wa Juru, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wakati Inspekta Jamirah Kobusingye alipofika kutoka Mbarara. Wakulima wapatao sitini walisimama mbali wakiwa wamefanya duara. Hawakuiogopa maiti. Waliogopa pipa la bluu lililokuwa hatua tatu kutoka kichwani pake.

Jamirah alivaa glavu, akachuchumaa. Povu lilikuwa limekauka pembeni mwa mdomo. Shati lilikuwa limelowa jasho hadi mgongoni. Alifunua kope moja kwa kidole. Mboni ya jicho ilikuwa ndogo kama kichwa cha pini.

"Alianguka saa ngapi?"

"Saa nne na nusu, Afande," alijibu Sajini Nehemiya wa kituo cha Nakivale. "Gari la wagonjwa lilipofika, alikuwa ameshakata roho."

"Alikunywa nini?"

"Dawa yake mwenyewe. Nusu kikombe, kutoka kwenye hilo pipa."

"Dawa ya nini?"

"Ya viwavijeshi. Wale wanaomaliza mahindi."

Nehemiya alieleza kwa kifupi. Libère alikuwa Mrundi, fundi wa maabara huko Gitega kabla ya kukimbia nchi. Hapa Juru aliokota viwavi waliokufa wenyewe shambani, wameoza na kuwa weusi, akagundua kwamba waliuawa na bakteria wa udongoni. Akawaotesha bakteria hao kwenye maji ya maharage. Wakulima walipulizia maji hayo kwenye mahindi, na viwavi wakafa. Ili kuwatoa watu hofu, kila mkutano Libère alikunywa dawa yake mbele yao.

"Amekunywa mara ngapi kabla ya leo?"

"Zaidi ya kumi. Hajawahi hata kuumwa tumbo. Leo watu wanasema vijidudu vyake vimemgeuka."

Jamirah aliangalia mashamba yaliyozunguka uwanja. Kati ya mistari ya mahindi kulikuwa na maharage, na majani yake yalikuwa yamechumwa upya.

"Nani amepulizia dawa ya pipa hili?"

"Sijui idadi, Afande. Wanachota tu. Wanapulizia asubuhi, jioni wanachuma majani ya maharage wanapika. Si wanaambiwa haina madhara?"

Jamirah alisimama ghafla. "Watangazie wasile kitu chochote kilichopuliziwa. Sasa hivi."

"Nimewaambia. Wanasema polisi tumetumwa na wauza dawa wa mjini."

Jamirah alichota sampuli tatu kutoka kwenye pipa, akazifunga na kuziandika. Kisha akaenda kuonana na mjane.

Capitoline alikuwa ameketi ndani ya nyumba ya udongo isiyo na dirisha, rozari mkononi. Jamirah ilibidi asimame kidogo mlangoni mpaka macho yake yazoee giza. Machozi ya mama yule yalitiririka bila kwikwi, naye aliyafuta kwa ncha ya kitenge huku vidole vikitetemeka.

"Pole sana, mama."

"Asante, Afande."

"Asubuhi mzee alikula nini?"

"Uji. Tulikula wote."

"Pipa lilikuwa wapi usiku?"

"Hapa nyumbani. Nyuma ya jiko."

"Nani mwingine aligusa?"

"Hapo nyuma hapana uzio. Mtu yeyote anaweza."

"Kuna aliyemchukia?"

Capitoline alitema mate kwenye kitambaa, akapumua kwa shida, akainua macho yenye mboni ndogo. "Swaib. Mwenye duka la dawa Mbarara. Alikuja mwezi wa nne, akamwambia mume wangu mbele ya watu kwamba atamfunga mdomo."

*

Kesho yake asubuhi, kwenye chumba cha maiti mjini Mbarara, daktari aliyefanya uchunguzi hakuhitaji maneno mengi.

"Organofosfeti, Inspekta. Kemikali ya kuua wadudu, ya kununua dukani. Inavuruga mishipa ya fahamu. Machozi, mate, jasho, kutetemeka, mboni kufinyaa. Kifua kinajaa maji, mtu anazama akiwa nchi kavu."

"Ilikuwemo kwenye pipa?"

"Sampuli zako zote tatu. Ya kutosha kumuua aliyekunywa."

"Na aliyekula majani yaliyopuliziwa?"

"Inategemea amekula kiasi gani, na ana umri gani."

Simu ya Jamirah iliita kabla hajatoka mlangoni. Alikuwa Nehemiya. Mtoto wa miaka minne kutoka Juru alikuwa amefikishwa kituo cha afya akitokwa mate na kutapika. Nyumbani kwao walikuwa wamekula majani ya maharage.

"Yu hai?"

"Yu hai, Afande. Kwa sasa."

Jamirah alienda moja kwa moja kwenye duka la Swaib, karibu na soko kuu. Mtu mnene, kofia nyeupe kichwani, alikuwa akipanga chupa kwenye rafu. Alipoona kitambulisho, mikono yake ilisimama.

"Nyabo," alisema kwa heshima, "mimi nimesikia. Lakini mimi sijaua mtu."

"Ulisema utamfunga mdomo."

"Nilikuwa na hasira. Alinifukuzia wateja wa Juru wote. Mtu akiharibiwa biashara anasema mengi."

"Jumanne usiku, kabla ya mkutano, ulikuwa wapi?"

"Hapa Mbarara. Harusi ya binti ya ndugu yangu. Watu mia mbili waliniona, hata picha ziko."

"Ungeweza kumtuma mtu."

"Nimtume akatie sumu kwenye pipa la shamba? Nyabo, mimi nauza hizi dawa miaka ishirini. Najua watoto wa pale wanakula nini." Aliweka mkono kifuani. "Wallahi siwezi."

Jamirah alimweka rumande hata hivyo. Lakini njiani jambo moja lilikuwa likimkera. Aliyetaka kumuua Libère peke yake, kwa nini atie sumu kwenye pipa la kijiji kizima?

*

Dokta Safinah alikuwa mtafiti wa mimea, na maabara yake ilikuwa nje kidogo ya mji. Jana yake jioni Jamirah alikuwa amempelekea sehemu ya sampuli moja ya pipa kwa sababu jina lake lilikutwa kwenye simu ya marehemu. Macho ya mtafiti yule yalikuwa mekundu.

"Bakteria wake wangeweza kumuua?" Jamirah aliuliza.

"Hapana. Wanatengeneza protini. Kiwavi akiimeza, tumbo lake lina magadi, linaiyeyusha, kisha protini inatoboa utumbo wake. Tumbo la mtu lina asidi, na ule utumbo wetu hauna mahali pa kuishika. Inapita tu."

"Wewe ulikuwa unataka nini kwake?"

"Jeni. Bakteria wa Libère walikuwa wanaua viwavijeshi haraka kuliko wote niliowahi kupima. Nilikuwa naitafuta jeni inayotengeneza ile protini, tuihamishie kwenye mahindi. Mmea ujikinge wenyewe, mkulima asipulizie kitu. Jumatatu ijayo nilikuwa niende Juru kuchukua sampuli mpya."

"Alijua unakwenda?"

"Wote wawili walijua. Yeye na mkewe. Libère alifurahi kama mtoto."

Safinah alisukuma karatasi mbili mezani. "Sasa angalia. Hii ni sampuli aliyonipa mwezi wa tatu. Jeni ipo. Hii ni ya pipa lako. Haipo."

"Sumu imeua bakteria."

"Bakteria wakifa, jeni zao hubaki kwenye maji siku nyingi, ningeziona. Hawakufa humo, Inspekta. Hawakuwemo kabisa. Pipa lilikuwa na maji ya maharage na kemikali ya duka, basi."

Jamirah aliziweka karatasi zile mbili sambamba. Viwavi wa Juru walikuwa wakiendelea kufa msimu mzima. Kwa hiyo kemikali haikutiwa Jumanne usiku. Ilikuwa ikitiwa kila pipa, kwa wiki nyingi, na mtu aliyetaka dawa ya Libère ionekane inafanya kazi. Adui hafanyi hivyo.

"Bakteria wake wanaweza kupotea?"

"Chupa ya mbegu, ile anayooteshea wapya, ikichafuliwa, ndiyo. Lakini angeniambia tu." Safinah alifungua friji na kuonyesha kichupa kidogo. "Ninao hapa, wako hai. Ningempa kijiko kimoja aanze upya."

*

Saa nane mchana Jamirah alikuwa amerudi Juru. Nehemiya alimletea mtu aliyekuwa karibu zaidi na marehemu siku ya mkutano. Aliitwa Mihigo, Mkongo, mkulima wa mahindi.

"Uliona nini?"

"Batu walikuwa mingi, Afande. Ni mimi njo nilimujaribu ule mzee. Nilisema mbele ya bote: weye unakunywaka ya mu chupa ile bibi yako anakuletea. Leo kunywa ya mu pipa, tuone."

"Kumbe siku zote alikunywa ya chupa?"

"Siku zote. Ile siku akacheka, akachota mu pipa, akakunywa yote. Kisha akachota kikombe cha pili, akanipa miye."

"Ukanywa?"

"Hapana. Mama Capitoline alikuja mbio, akanipiga ku mukono. Kikombe kikaanguka. Nilisema mu roho ni hasira, juu ya vile nilimuzarau bwana yake."

Jamirah alimsogelea. "Sikiliza vizuri, Mihigo. Alipokupiga mkono, Libère alikuwa ameshaanguka?"

"Hapana, Afande. Alikuwa angali anacheka."

"Ameshika tumbo? Amelalamika?"

"Hata kidogo. Ni nyuma ya dakika kama makumi mbili, njo alianza kutoka jasho."

Jamirah alikumbuka nyumba isiyo na dirisha. Gizani mboni za mtu hutanuka. Za Capitoline zilikuwa nukta mbili. Machozi bila kwikwi, mate, vidole vinavyotetemeka. Alikuwa ameyaona yote akadhani ni msiba.

Alimkuta mama yule palepale alipomwacha. Alichuchumaa mbele yake.

"Mama Capitoline, una haki ya kunyamaza. Utakachosema nitakiandika. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Umekuwa ukichanganya ile dawa kwa mikono mitupu tangu lini?"

Capitoline hakushtuka. Aliiweka rozari pajani.

"Tangu mwezi wa tisa."

"Kwa nini?"

"Watu wa afya walikuja kutufundisha usafi, kwa sababu ya kipindupindu. Wakatugawia jiki, ile ya kuua vijidudu. Nikaosha vyombo vyote vya nyumba. Ile chupa ya mbegu ilikuwa inanuka, nikaiosha nayo. Nilifikiri ni uchafu." Alifuta mate mdomoni. "Nilipojua ni nini, nilijaza maji ya maharage, nikairudisha mahali pake. Yanafanana. Yeye hakuwa na mikroskopu, hakuweza kuona."

"Viwavi wakaacha kufa."

"Watu walianza kusema. Nikaenda Rugaaga siku ya soko, nikanunua dawa ya duka, nikatia kidogo. Viwavi wakafa. Mume wangu akaimba siku nzima. Halafu kidogo haikutosha, nikaongeza."

"Na ile chupa ya kunywa?"

"Niliijaza mimi, maji ya maharage tu. Nililinda sana ile chupa."

"Alikuwa mkali? Angekupiga?"

"Libère?" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Hakunipiga hata siku moja. Afande, sisi tulitoka Gitega na watoto wawili, tukafika hapa wawili, mimi na yeye. Miaka mitatu alikaa ameegemea ukuta huu. Hakuongea. Nilimlisha kwa kijiko. Halafu siku moja akaokota kiwavi aliyekufa, akaniuliza kama tuna maharage. Ile dawa ndiyo ilimrudisha. Dunia nzima hakuna nyingine, na mimi nimeimwaga kwa jiki. Ningemwambia kwa mdomo gani?"

Jamirah alifikiria kichupa cha kwenye friji ya Safinah. Hakusema kitu juu yake.

"Ulimwokoa Mihigo," alisema badala yake. "Ulijua kilichomo. Mumeo alikuwa na dakika ishirini, mama. Kituo cha afya kina dawa ya sumu hiyo. Kwa nini hukusema?"

Capitoline aliishika tena rozari iliyokuwa pajani.

"Walikuwa wanampigia makofi. Wote. Nikasema moyoni, nusu kikombe, labda haitamfanya kitu. Nikasema ngoja watu waondoke, nitamwambia tukiwa wawili."

Nje pikipiki ilisimama. Nehemiya aliingia akihema. "Watoto wengine wawili wamefikishwa, Afande. Nimepita na kipaza sauti, wananizomea. Kuna mama anachuma majani saa hii, mbele ya macho yangu."

Jamirah alitoa daftari. "Nani walichota kwenye pipa hili, mama? Majina."

Capitoline alitaja. Hakusitasita, aliwajua wote: nyumba kumi na saba, nani alichota Jumatatu, nani Jumanne, nani ana mtoto mchanga. Kisha akanyoosha mikono yote miwili ili afungwe pingu.

"Hawatawasikia ninyi," alisema. "Nipeni hicho kipaza sauti."

Nehemiya alimtazama inspekta. "Afande, wakijua watamrarua."

"Simama kushoto kwake," Jamirah alisema. "Mimi nitasimama kulia."

Walitoka juani. Mwanamke mwenye beseni la majani ya kijani alikuwa akipita barabarani, na wengine walianza kutoka milangoni walipoona pingu. Capitoline alikishika kipaza sauti kwa mikono yake iliyofungwa, ikitetemeka kiasi kwamba Jamirah ilibidi akishike naye.

"Ni mimi, mke wa Libère," alisema kwa Kirundi, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wote wasikie. "Mwageni majani hayo. Mume wangu hakuwadanganya hata siku moja. Dawa yake ilikufa mwezi wa tisa. Mnayopulizia ni yangu, na ndiyo iliyomuua."

Watu waliokuwa milangoni walisogea barabarani. Mwanamke mwenye beseni alisimama akimkodolea macho. Kisha akaliinamisha polepole, na majani yakamwagika miguuni pake.