Galaksi Iliyopakwa Kinyume

Mambo yaliharibika Alhamisi, siku wakaguzi walipokuja shuleni. Asubuhi Kitinda aliamka kama kawaida, akachota maji, akamchemshia baba yake chai, akafuta viatu kwa kitambaa chenye madoa ya rangi. Nyumbani kwao hakikuwapo kitu kisicho na doa. Baba yake alikuwa fundi rangi, na tangu mama afariki walibaki wawili tu.

Wiki nzima fundi alikuwa akichora galaksi mbili kwenye ukuta wa darasa la sayansi, moja changa na moja kongwe, zote zimejikunja kama konokono. Mwalimu wa sayansi alimtuma Kitinda ampelekee baba maelezo ya rangi. Lakini wakati mwalimu akieleza, Kitinda alikuwa akipiga soga na mwenzake. Baba alipouliza, Kitinda hakutaka kuonekana mjinga. Akakumbuka kuwa bomba la maji ya moto huwa na alama nyekundu na la baridi buluu; akaona changa ndiyo yenye moto. Akajibu bila kupepesa macho:

"Changa nyekundu, kongwe buluu. Mwalimu kasema."

Sasa, mbele ya wakaguzi, mwalimu mkuu aliutazama ukuta, uso ukamsawijika.

"Fundi, hii nini? Umepaka kinyume!"

"Nimepaka nilivyoambiwa, mkuu."

"Na nani? Nyie mkikosea, lazima mtafute wa kumtwisha! Leo hii ukuta upigwe chokaa, na hapa usikanyage tena."

"Konokono kapata homa!" mwanafunzi mmoja akanong'ona, wenzake wakacheka.

Fundi alisimama na brashi yake. Alishawazoea wakubwa. Hata hospitali, mtungi wa oksijeni ulipoisha mkewe akiwa kitandani, yeye ndiye aliyeambiwa kachelewa kumleta.

Kitinda akasogea mbele. "Mwalimu, ni mimi. Sikusikiliza darasani. Nikamdanganya baba."

Mwalimu wa sayansi akakohoa. "Hata mimi nina kosa. Nilipaswa kuzungumza na fundi mwenyewe."

Mwalimu mkuu hakuomba radhi. Alisema tu, "Basi, rekebisheni," akaondoka na wageni wake.

Alasiri walipaka upya. Mwalimu wa sayansi alieleza taratibu, na safari hii Kitinda alitega masikio yote mawili. Galaksi changa ina gesi nyingi, na nyota huzaliwa humo. Nyota kubwa ni za moto mno, hung'aa buluu, lakini hazidumu. Gesi ikiisha, hakuna tena zinazozaliwa. Hubaki zile ndogo nyekundu, zinazoishi muda mrefu sana, na galaksi nzima hugeuka nyekundu polepole.

"Nani anaimaliza hiyo gesi?" fundi akauliza.

"Galaksi nyingine huitumia zenyewe, nyingine hunyang'anywa na majirani. Lakini mara nyingi, wataalamu bado wanabishana."

"Aa, wanabishana." Fundi akachovya brashi kwenye rangi nyekundu, kisha akamgeukia bintiye. "Mwanangu, usichokijua sema hukijui. Mzigo wa uongo wako ulikuwa unaniangukia mimi. Lakini leo umesimama ukasema, mbele ya watu wote. Wapo watu wazima, tena wenye vyeo, walioshindwa hilo."

Kitinda aliitazama galaksi kongwe ikikauka ukutani.

"Baba, na ule mtungi wa mama, nani aliuacha mpaka ukaisha?"