Zisitenganishwe

Giza lilikuwa linaingia nilipotoka kufuata ram.

Mimi na mume wangu tuna kompyuta mbili za kuchezea gemu, zimekaa ubavu kwa ubavu pale ambapo wenzetu huweka makochi. Zilikuwa zimechoka kuliko sisi. Watu hutucheka: mama mzima, kutwa nafua mashuka ya hoteli, jioni naua mazimwi. Lakini mume wangu akishafika mlangoni na maneno yake yale yale, "Bosi, nimeleta njaa," na chakula kikiwa bado jikoni, hiyo ndiyo saa pekee tunayokaa pamoja bila kutaja kodi ya nyumba.

Vipya hatukuviweza. Kwa hiyo nilipoona tangazo la mtu anayeuza ram mbili zilizotumika, vile vipande vya kumbukumbu vinavyoipa kompyuta wepesi, nilienda mwenyewe. Mume wangu hajui kuomba kupunguziwa. Muuzaji akinuna kidogo tu, yeye anaongeza.

Muuzaji mwenyewe alikuwa mama mzee, ghorofa ya mwisho. Alifungua mlango nusu. Nyuma yake hapakuwa na taa. Ikanijia harufu ya lami iliyonyeshewa, na mvua tulikuwa tumeshaisahau.

Ram zilikuwa zimefungwa pamoja kwa uzi mweusi, fundo juu ya fundo.

"Una mume?" akanong'ona.

"Ninaye."

"Mnakaa nyumba moja?"

"Hiyo moja yenyewe inatushinda, mama. Ya pili tutaitoa wapi?"

Hakucheka.

"Zilikuwa za mwanangu na mkewe. Zisitenganishwe."

Sikuuliza zaidi. Hata mafundi husema hivyo, kwamba ram pacha zikikaa kwenye kompyuta moja zinakimbia vizuri. Nikadhani ndiyo maana yake.

Nyumbani mume wangu akakigeuza kile kifurushi kiganjani. "Bosi, zote mbili zikiingia kwangu, wewe utabaki na kobe wako."

"Na zikiingia kwangu?"

"Utanicheka mpaka uzeeni. Tugawane, moja moja."

Akachukua mkasi.

"Huo ni wa nguo!"

Akakata uzi.

Binti yetu, tunayemwita Kisigino kwa sababu hanitoki nyuma, alikuwa anachora chini ya meza. Akainua kichwa, akatazama mlangoni kama mtu aliyeitwa.

Kompyuta zikawa nyepesi, tukacheka kama watoto. Nikavaa hedifoni. Katikati ya gemu nikasikia sauti ya mwanaume, chini chini, anahema...

"Nyuki... niko njiani."

Nikampiga mume wangu kiwiko. "Nyuki ni nani tena?"

Akavua hedifoni yake. "Nyuki gani? Wewe ndiye unayeniuliza nimefika wapi, nami nimekaa hapa."

Mimi sikuwa nimeuliza kitu.

Tukasema ni mtandao, sauti za watu zimeingiliana. Tukaendelea kucheza. Ndiyo, tuliendelea. Kitu kilikuwa kimeshalipiwa.

Jioni iliyofuata ikaja tena. "Nyuki, niko kwenye kona." Nyuma ya sauti ile mvua ilikuwa inanyesha.

Jioni nyingine: "Naona taa ya dirisha."

Nikainuka, nikafunga pazia. Mume wangu hakugeuka. Alikuwa haongei tena tukicheza. Alisikiliza tu, kichwa kimeinama, midomo inacheza.

Kisha siku moja akavua hedifoni, akaanza kuvaa viatu.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani. Nimechelewa. Mke wangu ananiita."

"Nyumbani ndipo hapa!"

Akanitazama kwa adabu, kama unavyomtazama karani wa benki. Akatoka.

Nilimkimbilia mpaka ngazini. Hakugeuka, akapotelea chini gizani. Ndani nilikuwa nimeacha mtoto peke yake na jiko linawaka. Nikarudi. Hedifoni yangu juu ya meza ilikuwa inasema...

"Niko ngazini."

Chwap. Chwap. Viatu vilivyolowa, vinapanda.

Nikakomea mlango. Nikang'oa nyaya za umeme, nikafungua kompyuta zote mbili, nikachomoa zile ram mpaka kucha ikakatika. Uzi mweusi wa kushonea ninao siku zote. Nikazifunga pamoja, fundo juu ya fundo.

Hatua zikakoma.

Mlango ukagongwa.

"Fungua. Ni mimi."

Sauti ya mume wangu. Nikachungulia, ni yeye. Nikafungua. Suruali imemlowa mpaka magotini, na nje kulikuwa kukavu. Alisema hakumbuki alikokuwa. Nikampa taulo, nikapakua chakula. Nilishukuru tu kwamba amerudi.

Kesho yake nikapeleka ram zile kwa mwenyewe. Yule mama akapapasa mafundo, akajua si yake.

"Mlizitenganisha."

Akanieleza pale pale mlangoni. Mkwe wake, ambaye mumewe alimwita Nyuki, alizidiwa ghafla, jioni, peke yake ndani. Akawa anampigia mumewe simu: umefika wapi? Mume anakimbia kwenye mvua. Gari likamkuta kwenye kona. Walikufa wakiitana.

"Mwanangu akawa haachi kutembea," mama akanong'ona. "Kila jioni namsikia kwenye ngazi. Nikamwita mtu anayejua mambo hayo, akawafunga pamoja kwenye vitu vyao. Akatulia."

"Sasa kwa nini uliviuza?"

"Nimezeeka. Nilitaka wakae kwa watu wanaopendana."

Nikamnyooshea zile ram. Hakupokea.

"Alifika?"

"Nani?"

"Mwanangu. Safari hii alifika?"

Nikasema hapana. Ndipo akazichukua, akazipima kiganjani. Uso ukambadilika.

"Mbona moja ni nyepesi?"

Siku hizi mume wangu anaosha vyombo bila kuambiwa. Mwanamke mwingine angechinja kuku kwa furaha. Gemu hataki tena kuiona. Jana alikuwa kwenye sinki, nami nakunja nguo.

"Nyuki, sabuni iko wapi?"

"Hapo chini," nikajibu, kabla sijasikia alichoniita.

Shuka likanidondoka. Na hapo hapo, ngazini, kukawa na hatua. Kavu. Za mtu aliyechoka, aliyetembea mbali. Zikasimama mlangoni kwetu. Kisigino akaacha kuchora.

"Bosi..." sauti ikanong'ona nje. "Nimeleta njaa."

Jikoni, bomba likafungwa.

"Usifungue, Nyuki."

Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye komeo. Nikalisukuma kidogo, likalia. Nikasikia anafuta mikono, anakuja. Nikaliachia. Hatua za nje zikasubiri, zikasubiri... kisha zikashuka.

Usiku ule sikulala. Alilala ubavuni mwangu, na mto wake ulinuka lami.

Leo giza linaingia tena. Yuko jikoni, anaimba wimbo nisioujua. Kisigino amekaa karibu na mlango, viatu miguuni, kama nilivyomwambia.

Komeo nimelipaka mafuta, lisilie.