Uzi Ulioachwa Mrefu

Kila asubuhi, kabla hata ya kufagia, msichana mmoja aliketi kizingitini penye mwanga na kumtilia mama yake uzi kwenye sindano. Mama yake alikuwa fundi cherehani hodari, lakini vitu vya karibu vilikuwa vimeanza kumpa shida kuviona, na habari za miwani hakutaka hata kuzisikia. "Miwani ya nini?" alikuwa akisema. "Macho yangu si haya hapa?" Hapo alimnyooshea binti yake kidole. Jina likaganda, na tangu hapo mtaa mzima ukamwita Macho.

Likizo ilikuwa inaelekea ukingoni, na sare za wanafunzi zilikuwa zimejaa mezani, pale mama alipoumwa tumbo ghafla. Alikimbizwa hospitali akapasuliwa, kidole tumbo kikatolewa. Baba, dereva wa lori, alimrudisha nyumbani kisha akaondoka tena safarini. Muuguzi alikuwa amemweleza mama mambo yote vizuri: kidonda kikae kikavu, kisishikwe kwa mikono michafu, na akiona wekundu, uvimbe au usaha, arudi upesi. Mama aliitikia "ndiyo, ndiyo," lakini akili yake ilikuwa kwenye cherehani.

Hakukaa sana akaanza kulalamika. Plasta ilimwasha, akaibandua. Kidole chake kikapita juu ya mshono na kukutana na ncha ya uzi iliyojitokeza. Sasa, fundi cherehani na uzi uliojitokeza hawakai nyumba moja.

"Macho!"

"Naam, mama."

"Hebu njoo uone kazi hii. Daktari gani anaacha uzi mrefu namna hii? Mwanafunzi wangu akinifanyia hivi, namfumulisha nguo nzima. Chukua mkasi, ukate."

Mkasi wenyewe ulikuwa umelala sakafuni. Jana yake tu, fundi viatu wa barazani kwao alikuwa ameuazima kukatia ngozi. Mama aliuokota, akaufuta kwa upindo wa gauni lake, akaona umeshakuwa safi.

"Ukishindwa, mwite mjomba wako!" fundi viatu alidakia kutoka nje. "Hiyo ni ngozi, na fundi wa ngozi ndiye mimi!"

Mama alicheka, kisha akashika tumbo kwa maumivu.

Macho aliinama na mkasi mkononi. Uzi aliuona, lakini aliona na jambo lingine. Ngozi kando ya mshono ilikuwa imevimba na kuwa nyekundu, na pembeni palikuwa na tone la usaha wa njano. Aliogopa kusema, kwa kuwa akisema, mama angerudishwa hospitali, na hakutaka kabisa kumwona tena amebebwa mlangoni akilia. Kukata uzi na kunyamaza kungekuwa rahisi zaidi.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "hapa pamevimba. Na kuna usaha."

"Ni joto la plasta tu. Kata uzi, mwanangu, sare zinanisubiri. Mbona mimi naona pako sawa?"

"Mama, wewe hata tundu la sindano hulioni!"

Maneno yalimponyoka. Macho alingoja kukaripiwa, machozi yakimlenga.

Mama akajigusa shavu kwa kiganja. "Tangu jana natetemeka kwa baridi," alisema taratibu. "Nilijidanganya kuwa ni uchovu. Weka huo mkasi chini. Mwambie mjomba wako atutafutie teksi."

Katika kituo cha afya, muuguzi wa hapo alinawa mikono kwa sabuni bila haraka, akavaa glavu, akakiangalia kidonda. Macho alishika mkono wa mama.

"Vijidudu vimeingia, lakini havijaenda ndani," muuguzi alisema. "Tutakisafisha na kukupa dawa. Mngekawia, leo tungekuwa tunaongea mengine. Nani aligundua?"

Mama alimwonyesha binti yake kwa kidevu. Macho akaangua kilio pale pale, kwa raha tu ya kusikia kwamba mama yake atapona.

"Na mimi nilimpa mkasi aukate huu uzi," mama alikiri kwa aibu.

"Ungetuletea kazi nyingine!" muuguzi alisema. "Mkasi wa kushonea una vijidudu, hata ukiufuta. Na uzi tunauacha mrefu makusudi, ili siku ya kutoa nyuzi tupate pa kushika."

"Kumbe ni kama kupiga bandi!" mama alisema kwa mshangao. Ikabidi amweleze muuguzi kuwa huo ni ushonaji wa muda, ambao fundi huuchomoa nguo ikishakamilika. Wote watatu wakacheka.

Tangu siku hiyo mama alimeza dawa mpaka zikaisha, hata alipojisikia mzima. Hakuna aliyekaribia kidonda kabla ya kunawa kwa sabuni, maana Macho alisimama mlangoni kama askari. Wateja walipokuja kunung'unikia sare zao, fundi viatu aliwajibu, "Fundi naye kashonwa. Subirini zamu yenu!"

Nyuzi zilipotolewa, ulibaki mstari mwembamba uliofunga vizuri. Mama akarudi kwenye cherehani, na sare ya kwanza ilipokamilika akamwita binti yake.

"Nilikuita Macho kwa sababu unaona vizuri," alisema. "Lakini kuona tu kusingenisaidia. Uliniambia ulichokiona, na mimi sikutaka kukisikia. Ukiona mwili wa mtu una kasoro, sema mapema, hata akikununia. Haya, itazame kazi hii. Nataka ukweli."

Macho aliigeuza sare, akasita kidogo. "Kola imepinda, mama."

"Imepinda?"

"Upande wa kushoto."

Mama alishusha pumzi, kisha akatabasamu na kunyoosha mkono. "Lete mkasi. Huu ndio uzi wa kukata."