Tundu la Msumari kwenye Saa ya Babu

Asubuhi za mwezi wa sita huko Iyunga, Mbeya, huanza na ukungu. Unafungua mlango na huoni hata banda la ng'ombe, ila unasikia malori yakipandisha barabara kuu polepole. Ikupa aliamka kukiwa bado giza, akawasha moto, akabandika chai, kisha akabisha mlango wa chumba cha babu yake. Alikuwa binti mwembamba wa darasa la sita, mwenye kidevu kilichopanda juu kila alipobishiwa.

"Shikamoo babu. Saa ngapi sasa?"

"Marahaba. Soma mwenyewe," babu alijibu, akatoa mkono nje ya blanketi.

Kwenye mkono huo kulikuwa na saa kubwa nyeusi, yenye tarakimu nyeupe na kitufe kinene pembeni kama kifuniko cha chupa ndogo. Babu Ambokile aliweza kuisoma mwenyewe. Lakini tangu Ikupa alipojifunza kusoma saa, babu alimwachia yeye kazi hiyo kila asubuhi, kwa sababu alijua mtoto anaifurahia.

Mtaa mzima uliiita saa ya rubani. Zamani, kabla ndege hazijahamia uwanja mpya wa Songwe, babu alikuwa mkata nyasi kwenye uwanja wa zamani wa ndege mjini Mbeya. Rubani mmoja alimpa saa hiyo. Wajukuu walikua wakiisikia habari hiyo, na kila mmoja aliisimulia kwa wenzake kwa namna yake.

Siku hiyo Mwalimu Goodness, anayefundisha Sayansi na Teknolojia, aliwapa kazi. Kila mwanafunzi achague kifaa kimoja cha nyumbani, siku ya Ijumaa akilete darasani na kukipima mbele ya wenzake: kilitengenezwa kwa kazi gani, kinaifanya kazi hiyo vizuri kiasi gani, na thamani yake ni nini. Mmoja akasema ataleta jembe, mwingine pasi ya mkaa. Ikupa akasimama akasema ataleta saa ya rubani. Darasa likanyamaza kumsikiliza, na yeye, kwa kunogewa na ukimya ule, akaongeza kwamba saa hiyo ikiuzwa inaweza kununua lori.

Peter aliyekaa nyuma akacheka. Baba yake aliuza saa na simu pale sokoni Mwanjelwa, na mambo ya saa Peter aliyajua. Alieleza kwamba saa za namna hiyo dukani kwao ziko boksi zima. Zinatengenezwa zifanane na za marubani, zinanunuliwa na watu ambao hawajawahi hata kupanda ndege. Watoto wakaanza kucheka. Peter, kwa kunogewa na kicheko hicho, akavuka mpaka.

"Babu yako ni mwongo," alisema.

Ikupa alisukuma dawati, akasimama tena. Mwalimu Goodness aliwakalisha wote wawili. Alimwambia Peter kwamba saa anaruhusiwa kuitilia shaka, lakini mzee wa watu ambaye hayupo pale kujitetea haitwi jina hilo. Akamwambia Ikupa ailete saa Ijumaa, aseme, na mwenye swali atauliza.

"Nitaileta, Mwalimu," Ikupa alisema, macho yake yakiwa kwa Peter. "Na mwenye kusema neno lile atalirudisha mbele ya watu hawahawa."

Akaketi. Bupe, jirani yake wa dawati, alivunja kipande cha muhindi wake wa kuchoma, akakiweka kwenye kiganja cha Ikupa chini ya dawati.

Nyumbani Ikupa hakumwambia babu yaliyosemwa. Aliomba tu saa kwa ajili ya kazi ya shule. Babu aliivua bila kuuliza, akaifuta kwa shati, akaifunga kwenye leso yake safi.

Ikupa aliichunguza kila upande. Kioo kilikuwa na mikwaruzo. Ngozi ya mkanda ilikuwa nyeusi na laini, kwa kuwa babu aliipaka mafuta ya mgando kila Jumamosi. Kile kichuma kidogo kinachoingia kwenye matundu ya mkanda kilikatika zamani, na babu aliweka waya mahali pake. Matundu yalikuwa yamepangwa vizuri kwa mashine, isipokuwa moja, lililokuwa peke yake mbali na mengine, lisilo duara kamili, kama limetobolewa kwa msumari. Ikupa alilipita. Alichokuwa akikitafuta ni alama ya ndege, au jina la rubani, au chochote cha kumfunga Peter mdomo. Hakukuwa na kitu.

Saulo, binamu yake wa kidato cha pili, alimkuta amekunja uso. Alipoambiwa kisa chote alisema hilo ni jambo dogo. Kama alama haipo, si iwekwe?

Alhamisi baada ya vipindi walikwenda sokoni kwa mzee Filemoni, fundi wa kuchonga majina kwenye sufuria. Watu wa Iyunga wote humpelekea sufuria zao, kwa sababu kwenye misiba na harusi vyombo huazimwa na kuchanganyika, na jina ndilo hurudisha chombo kwa mwenyewe. Mzee aliigeuza saa, akaupapasa mgongo wake kwa kidole gumba, akasema chuma hiki kinachongeka.

Saulo alimwelekeza achonge mabawa mawili, na katikati aandike jina alilolibuni papo hapo, Kapteni Yohana.

Mzee Filemoni alimtazama Ikupa. "Ndilo jina lake huyo mtu, mama?"

Ikupa akamtazama Saulo.

"Ninauliza kwa sababu jina ni la kusema kitu ni cha nani," mzee aliendelea kwa upole. "Na mimi nikishachonga, halifutiki."

Alishika patasi yake ndogo, akangoja. Hakumharakisha mtoto, ingawa nyuma yao alikuwa amesimama mama mwenye sufuria kubwa mbili kichwani. Ikupa aliutazama mgongo wa saa, mtupu, unaong'aa kidogo mahali ulipogusana na ngozi ya babu miaka yote ile. Akanyoosha mkono.

"Naomba nirudishie, babu. Usichonge."

Saulo aliona aibu mbele ya fundi. Alimvuta pembeni, akamuuliza nani angejua.

"Mimi ningejua," Ikupa alisema. "Peter amesema kwetu kuna mwongo. Mpaka sasa hajasema kweli. Nikichonga hapa, atakuwa amesema kweli."

"Basi kesho ubaki na aibu yako."

"Nitabaki nayo."

Walirudi nyumbani Saulo akiwa amenuna. Hata hivyo Saulo ndiye aliyembebea begi lake kwenye mlima, maana hasira yake haikuwa ya kudumu.

Babu alikuwa uani akipukuchua maharage. Ikupa aliketi karibu naye, akaanza kupukuchua pia, na maneno yakamtoka yote: Peter, darasa lililocheka, mzee Filemoni na patasi. Babu alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, babu aliuliza yeye mwenyewe alisema nini kwanza, kabla ya Peter.

Kidevu cha Ikupa kikashuka. "Nilisema inaweza kununua lori."

Babu alicheka mpaka maharage yakamwagika mapajani. "Lori? Mimi nilisema lori lini?"

Ikupa alifikiri. Ni kweli, babu hakuwahi kusema. Alisema tu kwamba alipewa na rubani. Hilo lori lilizaliwa midomoni mwa wajukuu, likakua, na safari hii yeye ndiye aliyelipeleka shuleni.

Ndipo babu akamsimulia. Ilikuwa alasiri ya mvua. Ndege ndogo ilikuwa inatoka Iringa na daktari ndani, kumfuata mgonjwa ambaye asingeweza kusafirishwa kwa barabara. Ng'ombe wa watu walikuwa wameingia uwanjani. Ndege ikazunguka chini ya mawingu, ikashuka, ikapanda tena. Babu alivua koti, akakimbia kwenye matope akilipunga, akaanguka, akainuka, mpaka ng'ombe wa mwisho akatoka. Ndege ikatua. Mgonjwa alipopakiwa, rubani alimwendea babu na kumuuliza alijuaje muda wa ndege kufika siku nyingine zote. Babu akamwambia kwamba hana saa, husikiliza tu mlio.

"Akavua hii mkononi mwake," babu alisema. "Akaniambia, haina bei, ni ya dukani tu, lakini inasomeka. Mtu anayenisafishia njia lazima ajue saa ninayokuja. Ndaga, yaani asante, nikamwambia, na akacheka, maana alikuwa amejifunza Kinyakyusa kidogo yule mama."

"Mama?"

"Rubani alikuwa mwanamke. Mfupi, mkono mwembamba kama wako. Miaka yote hii hakuna mtu aliyeniuliza."

Ikupa aliacha maharage. Alifungua leso, akaukunjua mkanda, akaligusa lile tundu la msumari. Babu akaitikia kwa kichwa: ndiyo, lilikuwa la mkono wa rubani. Lilikuwepo siku alipopewa. Mkono wake mnene haukulihitaji hata mara moja.

Ijumaa darasa lilijaa vitu: majembe, pasi, redio, chungu. Zamu ya Ikupa ilipofika, Peter alikuwa tayari ameweka juu ya meza ya mwalimu saa iliyotoka dukani kwa baba yake, ya rangi ya dhahabu, ili watu walinganishe.

Ikupa alisimama wima. Alianza kwa makosa kabla hajaulizwa. Alisema kwamba saa hii ni ya bei ndogo, Peter alisema kweli kuhusu hilo, na yeye aliyesema lori ndiye aliyekosea, si babu yake. Alisema tarakimu zake zamani ziling'aa gizani na sasa haziwaki. Alisema pete inayozunguka kioo imelegea. Alionyesha waya kwenye mkanda. Peter, aliyekuwa amejiandaa kuyasema hayo yote, alishusha mkono aliokuwa ameuinua.

Kisha Ikupa akaeleza umbo lake. Mwalimu Goodness alikuwa amewafundisha kwamba marubani wa zamani walivaa glavu nene kwa baridi ya juu. Ndiyo maana kitufe ni kikubwa, chenye meno, hata kidole kilichokufa ganzi kinakizungusha. Mwili wake haumetimeti, ili jua lisimpige rubani machoni. Uso mweusi na tarakimu nyeupe ni kwa ajili ya mtu asiye na muda wa kutazama mara mbili.

"Na sasa nawaomba mjaribu wenyewe," alisema.

Aliziinua saa zote mbili mbele ya ubao, ya babu mkono mmoja na ya Peter mkono mwingine, akauliza aliye nyuma kabisa asome. Aliyekuwa nyuma kabisa ni Peter. Ile ya dhahabu ilimeta tu kwa mwanga wa dirishani. Wote waligeuka kumtazama. Angeweza kusema haoni.

"Saa nne na dakika ishirini," alisema. "Hiyo nyeusi. Ya kwetu siioni."

Lakini swali lake alikuwa nalo bado, na aliliuliza: watajuaje kwamba kweli rubani aliivaa? Saa kubwa ya kiume kama hii, babu si angeweza kuinunua mwenyewe dukani?

"Rubani alikuwa mwanamke," Ikupa alisema. Alisubiri minong'ono iishe. "Mimi sikuwepo, na siwezi kuwalazimisha mniamini. Ninachoweza ni kuwaonyesha kilichopo."

Akapita dawati kwa dawati, akionyesha lile tundu la msumari, na jinsi waya ulivyoingia humo mkanda ulipozungushwa kwenye mkono mwembamba. Kwenye mkono wake saa ilikaa kama iliyopimwa. Peter aliushika mkanda, akalitazama tundu kwa muda mrefu, kwa jicho la mtoto wa muuza saa. Alisema tundu hilo ni la zamani, kingo zake zimelainika sawa na ngozi nyingine. Kisha akasimama bila kuambiwa, akalirudisha neno lake mbele ya watu walewale.

Mwalimu Goodness alisema hajapata kusikia kifaa kikipimwa kwa haki namna hiyo, na mwenye nacho akiwa ndiye mpimaji.

Jioni mbwa alibweka. Peter alikuwa mlangoni, amevaa sare bado, ameshika kifurushi kidogo cha karatasi.

"Shikamoo babu. Nimeleta kichuma cha mkanda. Baba ameniruhusu."

Babu aliitikia, akamwonyesha kigoda, akamwita Ikupa alete kikombe kingine cha chai. Hakumuuliza lolote kuhusu darasani. Peter alitoa waya wenye kutu, akapachika kichuma kipya, akajaribu mara mbili kama kinashika. Babu alipokea saa, lakini hakuivaa. Alimvuta mjukuu wake, akaufunga mkanda kwenye mkono wake, kwenye tundu la msumari.

"Utakuwa unaniamsha na kunitajia saa," alisema. "Sikilizeni, nyote wawili. Mkisifia kitu kuliko kilivyo, mnakitia aibu siku kitakapopimwa. Mkikidharau kabla hamjakishika mkononi, mnajitia aibu wenyewe. Semeni kilivyo, kasoro zake na uzuri wake, na baada ya hapo msirudi nyuma hata darasa zima likicheka."

Kesho yake ukungu ulikuwa mzito kama kawaida. Ikupa aliamka, akabandika chai, akabisha mlango.

"Shikamoo babu," alisema, kidevu juu, kabla babu hajauliza. "Ni saa kumi na moja na nusu."