Moto Usiofuka Moshi

Asubuhi ya ua ule ilianzia bombani. Ndoo zilijipanga foleni, na wenye ndoo wakasalimiana kila mmoja kwa namna ya kwao. Zamani vyumba vilikuwa upande mmoja tu, na wapangaji walijuana mpaka shangazi zao. Lakini mji ulizidi kuvuta watu, mwenye nyumba akazidi kupanga matofali, na sasa vyumba vilitazamana pande zote mbili na nguo ziligombea kamba.

Aliyefurahia hayo kuliko wote alikuwa msichana wa darasa la tano. Walimwita Kasuku, maana kila neno geni alilolisikia bombani alilirudia mpaka likamkaa mdomoni. Rafiki yake, mjukuu wa bibi wa chumba cha kona, alimfundisha neno lililowavunja mbavu. Kwao, mtu huitwa "moto".

"Mimi moto," rafiki alisema, akijigonga kifuani.

"Basi simama hapo hapo nikumwagie maji!"

Mama yake Kasuku, fundi cherehani, hakucheka. "We Kasuku, wale wa kona waache. Hatujui walikotoka. Huyo bibi yao hata salamu haitikii."

"Anaitikia, mama, ila kwa lugha ya kwao."

"Haya, nijibu tena nikuone!"

Katika ua ule moto haukuwa mchezo. Miezi michache nyuma jiko la gesi lililipuka katika chumba cha pili, likala godoro, pazia na nusu ya dari. Tangu siku hiyo kila mlango uliwekewa ndoo ya mchanga, na watu walilala sikio moja wazi.

Jumamosi moja mchana mama alikunja sare za shule alizokuwa ameshona, akazitia kwenye mfuko. "Nawapelekea wenyewe, narudi sasa hivi. Mdogo wako kalala. Usibanduke hapa kibarazani, umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Mdogo wake, Kidonge, alikuwa mtoto wa miaka mitatu. Alilala kwenye mkeka, kidole gumba mdomoni.

Mama hajafika mbali, wenzake Kasuku wakaja. Nyuma ya vyumba vipya palikuwa na lundo la mchanga wa ujenzi, na kando yake shimo la choo kipya lililofunikwa kwa bati. Mvua ya juzi ilikuwa imeacha maji chini. Fundi mwashi alishawaonya mpaka sauti ikamkauka: "Bati hilo si la kuchezea. Likitoka hapo, mtu atatumbukia." Lakini bati hilo ukiliweka juu ya lundo na kulikalia, lilikuteremsha mpaka chini, roho ikibaki juu.

"Tulitoe kidogo tu. Fundi kaenda kula," alisema mtoto wa muuza mkaa.

"Tutalirudisha," alisema Kasuku, na yeye ndiye aliyeshika upande wa mbele.

Waliteleza, wakateleza tena. Mara honi ikalia getini: gari la mizigo, wapangaji wapya wanahamia! Wote wakakimbia kutazama vitanda na mabegi yakishushwa. Bati likabaki mchangani.

Hapo ndipo sauti ya kikongwe ilipopasua ua.

"Moto! Moto! Moto!"

Milango ilifunguka kwa kishindo. Muuza mkaa alitoka na povu la sabuni kichwani, ndoo ya mchanga mkononi. Mwenye duka alinyakua dumu la maji. Watoto walilia, sufuria zikagongana, mtu akapiga kelele, "Zima gesi! Zima gesi zote!" Kasuku naye alikimbia huku akinusa hewa. Hapakuwa na moshi.

Katikati ya ua alisimama bibi wa kona. Hakuwa na kitenge. Alivaa gaguro tu na blauzi, matope mpaka magotini. Alimvuta muuza mkaa kwa mkono, akaelekeza kidole nyuma ya vyumba vipya. "Moto! Moto!"

"Wapi, bibi? Mbona hatuoni kitu?" Muuza mkaa alichungulia kutoka pale pale, akaona mchanga mtupu. "Hamna hata cheche!"

"Na nguo kavua," alisema mwenye duka. "Masikini, akili zimemruka. Mrudisheni ndani apumzike."

Wengine walicheka kwa hasira, wakaanza kurudi vyumbani. Bibi alilia sasa, machozi yakimchirizika, na bado alikuwa akivuta mikono ya watu.

Moto. Mtu. Kasuku aligeuka kutazama kibarazani. Mkeka ulikuwa mtupu.

Alitaka kupaza sauti, akasita. Akisema, watauliza nani kalitoa bati. Rafiki yake, ambaye angeweza kusema badala yake, alikuwa ametumwa sokoni. Mtoto wa muuza mkaa alimkazia macho na kutikisa kichwa: nyamaza!

Mama akaingia getini, mfuko mtupu begani. "Kuna nini? Kidonge yuko wapi?"

"Si moto wa kuungua!" Kasuku alipiga kelele. "Kwao moto ni mtu! Yuko shimoni! Bati tulilitoa sisi, mama, nililitoa mimi!"

Mama aliangusha mfuko. Watu walikimbia nyuma ya mchanga, fundi mwashi akitokea na ngazi. Kitenge cha bibi kilikuwa kimefungwa kwenye mpini wa toroli lililojaa matofali, na ncha yake imening'inia ndani ya giza la shimo. Chini kabisa, maji yakimfika kifuani, Kidonge alikuwa ameishika ncha hiyo kwa mikono miwili. Hakuwa akilia tena. Midomo ilikuwa imeanza kufifia rangi.

Fundi alishuka, akambeba begani, akapanda. Mama alimpokea mtoto, akamkumbatia. Kisha Kidonge akakohoa, akalia kwa nguvu. Kilio hicho kilikuwa kitamu kuliko muziki.

Mama alifungua kitenge chake cha juu, akamfunga bibi kiunoni, taratibu, kama anayempima nguo ya harusi. "Nisamehe, mama yangu," alisema. Kasuku alitafsiri kwa maneno machache aliyokuwa nayo.

Jioni mama alimweka Kasuku mbele yake. "Kosa la bati utalilipa: mwezi mzima utamchotea bibi maji. Lakini sikiliza mwanangu. Ungeogopa kiboko dakika chache zaidi, tungekuwa tunalia sasa. Ukikosea, sema upesi, hata kama ulimi mzito. Na mimi nimejifunza langu. Nilikukataza watu ambao sikuwahi kuwauliza hata neno lao moja."

Kesho yake bombani mama alikuwa wa kwanza kumwamkia bibi, kwa lugha ya kwao, akikosea kosea. Bibi alicheka mpaka ndoo ikafurika.

Tangu hapo, mgeni akihamia ua ule huambiwa mapema: hapa ukiona moto, sema "moto wa kuungua". Na Kidonge akiulizwa yeye ni nani, hujigonga kifuani na kujibu, "Mimi moto!"